Sungura Aliyetawazwa: Ngano na Uongozi katika Watership Down ya Richard Adams

Imekuwa ada katika uhakiki wetu, kila inapotajwa riwaya ya Kizungu ambamo wanyama husema, kuuliza maswali mawili. La kwanza ni la nasaba: je, mnyama huyu hakutoka kwetu? La pili ni la istiara: je, mnyama huyu anasimamia nani? Swali la kwanza tumelirithi kutoka kwa wakusanyaji wa ngano wa karne ya 19. La pili limekomazwa na Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967, ambayo imewazoesha wasomaji wengi wa Kiswahili kumtazama nguruwe na kumwona mtawala. Maswali yote mawili ni halali. Kasoro yake ni kwamba yakishajibiwa mhakiki huweka kalamu chini, na kazi yenyewe husalia haijasomwa.

Makala hii inakusudia kuisoma Watership Down ya Richard Adams, riwaya ya watoto iliyotokea London mwaka 1972, kwa njia nyingine. Tunauliza: sungura wa Adams huzitumia vipi ngano wanazotambiana, na matumizi hayo yanamfanya nini yule sungura mjanja tunayemfahamu? Dai letu ni kwamba riwaya hii humpima kila mtawala na kila jamii kwa jinsi zinavyochukuliwa ngano za wahenga. Na kwamba ili mzani huo ufanye kazi, Adams amelazimika kumtawaza sungura, yaani kumvika mjanja taji la ufalme. Taji hilo limemnyang'anya kitu. Ni kitu gani, na iwapo riwaya yenyewe inaitambua hasara hiyo, ndiyo mambo yanayotushughulisha hapa.

Adams (1920–2016) alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza katika wizara iliyoshughulikia nyumba na serikali za mitaa, na kabla ya hapo askari katika Vita Vikuu vya Pili. Hadithi hii aliianza kwa mdomo, akiwasimulia binti zake wawili wakiwa safarini ndani ya gari, na ni wao waliomshikilia aiandike. Wachapishaji kadhaa waliikataa kabla ya Rex Collings, mchapishaji mdogo, kuikubali. Baadaye ilipata Nishani ya Carnegie na Tuzo ya Guardian ya vitabu vya watoto. Kuhusu tabia za sungura mwandishi alitegemea kitabu cha R. M. Lockley, The Private Life of the Rabbit (1964), na hata wahusika wake wanapobuni mikakati ya kivita hawaachi kula nyasi, kuogopa mwangaza wa gari, na kupigwa na bumbuwazi adui anapotokea ghafla. Adams alishikilia kwamba ameandika kisa cha sungura tu, wala si fumbo la siasa wala la dini. Tunaweza kumsadiki bila ya kukubali kwamba kisa cha sungura ni kitu chepesi.

Msuko wenyewe ni wa safari. Fiver, sungura mdogo mwenye kipaji cha kuona yajayo, anaona konde limetapakaa damu. Karibu yake umesimikwa ubao wa tangazo ambao hakuna sungura awezaye kuusoma: wanadamu wanataka kujenga nyumba pale. Mkuu wa mji wa Sandleford hasadiki. (Tutatumia neno mji kwa ule mtandao wa mashimo wanamoishi sungura kwa pamoja.) Hazel, nduguye Fiver, anatoroka na kundi dogo: Bigwig mwenye nguvu, Blackberry mwenye akili, Dandelion mwenye mbio na ulimi wa kutamba, Pipkin aliye mdogo na mwoga, na wengineo. Wanavuka mto, wanaponea chupuchupu katika mji wa ajabu unaotawaliwa na mtego, na hatimaye wanafika kwenye kilima kiitwacho Watership Down, kilima halisi kilichoko kaskazini mwa Hampshire. Huko wanatambua kwamba hawana majike. Sehemu ya pili ya kitabu ni harakati za kuwapata kutoka mji wa Efrafa, unaotawaliwa kwa mkono wa chuma na Jenerali Woundwort, na kuulinda mji mpya dhidi yake.

Ndani ya safari hii zimepachikwa ngano za El-ahrairah, shujaa wa sungura wote. Jina hilo Adams anaeleza kuwa limeundwa kwa maneno matatu ya lugha aliyoibuni: maadui, elfu, na mwana wa mfalme. Sungura hawawezi kuhesabu kupita nne, hivyo elfu hapa maana yake ni kila kinachozidi nne. Anapomtambulisha shujaa huyu kwa mara ya kwanza, msimulizi anamlinganisha na Robin Hood wa Waingereza, kisha anaongeza kwamba baadhi ya visa vyake ndivyo vile vile vya Brer Rabbit. Huo ndio mlango wa swali la nasaba. Brer Rabbit ni sungura wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, ambaye visa vyake vilienezwa kwa maandishi na Joel Chandler Harris tangu mwaka 1880, na uhusiano wake na sungura wa ngano za Kiafrika umezungumzwa vya kutosha. Basi nasaba ipo, na mwandishi mwenyewe ameikiri. Tuiache hapo. Mtoto akishajulikana ukoo, bado inabaki kutazamwa amelelewaje.

Tuanze na ngano zinavyofanya kazi. Usiku wa kwanza wa safari wamesimama msituni, wamechoka, na Pipkin anatetemeka. Hazel hana chakula cha kuwapa wala mahali pa kuwaficha. Anamwomba Dandelion atambe. Dandelion anatamba ngano ya asili: jinsi Frith, jua lililo mola wa sungura, alivyowapa wanyama wengine meno na makucha kwa sababu El-ahrairah alikataa kuwazuia watu wake wasizaane ovyo; na jinsi El-ahrairah, akiwa amejichimbia shimoni kwa hofu, alivyobarikiwa kwa kile kiungo pekee kilichobaki nje, makalio yake. Mkia ukawa mweupe, miguu ya nyuma ikapata nguvu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua mara moja ngano ya usuli. Tunalotaka kulisisitiza ni wakati wake. Haitambwi baada ya chakula, kando ya moto, hadhira ikiwa imestarehe. Inatambwa katikati ya hatari, na mara baada yake hatari inarudi. Fanani na hadhira wote ni wakimbizi. Dhima ya ngano hapa ni kuirudisha miguu ilipo: aliyesikia kwamba miguu yake ni baraka ataitumia.

Linganisha na mji wa Cowslip, ambao kwa maoni yetu ndio kilele cha kitabu, hata kama mapigano makubwa yako mbele. Sungura wa huko ni wanene, wana manyoya ya kung'ara, na adabu zao ni za kupindukia. Chakula wanaletewa na mtu, karoti na mizizi mingine ambayo sungura wa kawaida huiba kwa kuhatarisha roho. Wamejifunza kucheka na kuimba. Katika ukuta wa ukumbi wao wamepachika vijiwe vinavyofanya sura ya El-ahrairah, kitu ambacho wageni hawakielewi kabisa, kwani kwao El-ahrairah ni wa kusikiwa. Dandelion, kwa heshima ya wenyeji, anatamba ngano ya saladi za mfalme: jinsi shujaa na msaidizi wake Rabscuttle walivyomfanya Mfalme Darzin aamini kwamba bustani yake imeambukizwa, hata akawapelekea saladi hizo maadui zake kama sumu. Ngano hii mahali pengine ingeamsha vicheko. Hapa inapokewa kwa upole wa kukatisha tamaa. Cowslip anaeleza kwamba wao hawatambi sana visa vya kale. Sungura, kwa maoni yake, anahitaji utulivu wa nafsi na kuridhia ajali yake. Kisha anasimama kijana Silverweed na kughani utungo wa kuomba achukuliwe na upepo, na mto, na giza. Ni utungo mzuri. Fiver anausikiliza akiwa karibu kupagawa, kwa sababu ameutambua uzuri wake na kuelewa unatoka wapi.

Siri inafichuka Bigwig anaponaswa. Pembezoni mwa mji kuna mitego ya kitanzi. Yule mwenye kuleta karoti ndiye mwenye kutega. Kila mwenyeji anajua, na sheria moja tu ndiyo inayofuatwa: hakuna kuuliza fulani yuko wapi. Fiver ndiye anayewafafanulia wenzake, na hoja yake ni ya uhakiki wa fasihi hasa. Anasema, kwa maana tunayoifupisha, kwamba mji huu hauna mkuu kwa kuwa mkuu hupaswa kuwa El-ahrairah kwa watu wake na kuwakinga na mauti. Na hapa mauti ni ya namna moja, nayo imeshakubaliwa. Ngano za ujanja zitawafaa nini watu walioweka mkataba na mwindaji? Ndiyo maana wamezigeuza kuwa pambo la ukutani, na badala yake wametunga mashairi ya kukubali.

Hapa ndipo Adams anapowazidi wengi walioandika juu ya wanyama wasemao. Jamii iliyokwisha hajaipa ushenzi wala ujinga. Ameipa sanaa ya hali ya juu kuliko ya mashujaa wake. Hazel na wenzake hawana uchongaji, hawana wimbo, hawana falsafa. Wana visa vya mwizi wa saladi. Na mwandishi, ambaye ametanguliza kila sura kwa nukuu ya fasihi andishi, tangu Aeschylus, anathubutu kusema kwamba kisa cha mwizi wa saladi kina uhai ambao shairi la Silverweed halina. Msomaji wa Kiafrika ambaye amesikia mara nyingi kwamba ngano ni ngazi ya chini ya fasihi, ya kupandwa na kuachwa nyuma, atapata mshirika asiyemtarajia katika sura hizi.

Hata hivyo riwaya haidai kwamba cha Cowslip hakina faida. Wahamiaji wanapochimba mji wao wenyewe juu ya kilima wanaiga ukumbi mkubwa waliouona kule, na anayewaongoza ni Strawberry, mwenyeji wa mji ule aliyejiunga nao baada ya jike wake kuuawa na mtego. Ujenzi umechukuliwa, utenzi wa mauti umeachwa.

Ngano katika kitabu hiki ni zaidi ya faraja. Ni ramani pia. Katika kisa cha saladi, Rabscuttle huingia katika makao ya mfalme kwa kujifanya mwenzao, akafanya uharibifu akiwa ndani. Bigwig anaingia Efrafa kwa hila ile ile, akijifanya mpweke anayetaka kuandikishwa, akapewa cheo. Kisa cha mbwa Rowsby Woof aliyedanganywa hutambwa muda mfupi kabla ya Hazel kumfungulia mbwa wa shamba la Nuthanger na kumwelekeza kwa askari wa Woundwort. Kabla ya kuifikia Efrafa Bigwig mwenyewe ndiye anayeomba kisa cha kutisha kuliko vyote, cha El-ahrairah kwenda kwa Sungura Mweusi wa Inlé, ambaye ni mauti, kutoa roho yake ili watu wake waokolewe. Huko anapoteza mkia na masharubu yake, kisha masikio. Anaporudi, watu wameokoka, na vijana waliozaliwa nyuma yake hawamjui wala hawajali vita alivyowapigania.

Tusimame hapo, kwa sababu hapo ndipo hasara inapoonekana. Je, huyu bado ni sungura?

Tuchukue ngano ya Sungura na Simba kama ilivyochapishwa na George W. Bateman katika Zanzibar Tales, Chicago, mwaka 1901. Sungura amegundua asali juu ya mti, na asali ni ya Simba. Anamwalika Buku wakaile pamoja. Simba anapotokea chini ya mti, Sungura anamwambia Buku amfunge ndani ya majani makavu amtupe chini. Simba anajitenga kando kuliacha furushi lipite, Sungura anachomoka, na Buku aliyebaki juu anateremka na kuliwa. Ngano haimlilii Buku. Sungura anatafuta mwenzi mwingine, safari hii Kobe, na kurudi kwenye asali ile ile. Au tuchukue zile ngano zilizoenea bara, ambamo wanyama wote wanachimba kisima wakati wa kiangazi, Sungura anakataa kuchimba, kisha anakunywa maji na kuwafunga walinzi kamba. Huyu hana watu. Hana mji. Ana tumbo, na ana akili, na ulimwengu uliojaa wenye nguvu. Anapomshinda Simba tunafurahi, na anapomwacha Buku aliwe tunapaswa kuona haya kwa furaha ile. Mwenzake wa pwani, Abunuwasi, ni wa jamii hiyo hiyo: humdhalilisha sultani mara mia, lakini hakuna kisa anachokalia kiti cha sultani, na kama kingekuwako kingekuwa kisa cha mwisho.

El-ahrairah ni mfalme. Anaiba, lakini anaiba kwa ajili ya umma wake uliofungiwa kwenye madimbwi ya Kelfazin. Rabscuttle wake haliwi. Ujanja umehamishwa kutoka kwa asiye na mamlaka na kukabidhiwa mwenye mamlaka halali, na walio juu yake, Frith na Prince Rainbow, wako mbali mno wasiweze kumfanya aonekane mdogo kwa muda mrefu. Ndiyo sababu Hazel anaweza kujifunza utawala kwake. Mwanzoni Bigwig anasema kwa kejeli kwamba hataki kusikia habari za kumwita Hazel mkuu. Mwishoni, akiwa ameziba njia ya shimo kwa mwili wake uliojeruhiwa, anamwambia Woundwort kwamba mkuu wake ndiye aliyemwamuru kusimama pale. Askari wa Efrafa wanaingiwa na hofu: kama huyu si mkuu, mkuu mwenyewe ana ukubwa gani? Hawawezi kufikiri kwamba mkuu ni kilema mmoja wa mguu, aliyepigwa risasi alipokwenda kuwatoa sungura wa kufugwa katika kizimba. Tukio hili ni la ajabu kwa uzuri wake. Lakini tulisome tena polepole. Woundwort ameshindwa na nini? Ameshindwa na dhana ya utawala iliyo bora kuliko yake. Katika ngano zetu simba hashindwi na simba aliye bora; hushindwa na asiyetaka kuwa simba.

Wanaosoma Efrafa kama istiara ya dola ya kiimla wana vielelezo vya kutosha: kila sungura anatiwa alama ya jino tangu utotoni inayoamua saa yake ya kwenda kula, kuna askari wa kuwapeleleza raia, kuna Blackavar aliyechanwa masikio na kuwekwa mahali pa kupita watu awe funzo. Hatuna haja ya kuyarefusha. Linalotugusa zaidi ni kwamba kitabu kinachochukia ukandamizaji kiasi hiki kimemwondoa kwenye jukwaa yule ambaye kwetu ndiye silaha ya waliokandamizwa, na kumrudisha akiwa mwana wa mfalme.

Hasara ya pili imeshatajwa na wengine. Mwaka 1974, kitabu kilipochapishwa Marekani, Selma G. Lanes katika New York Times na Jane Resh Thomas katika Horn Book walilalamika kwamba majike katika riwaya hii ni vyombo vya kuzalia tu, na kwamba mashujaa wanawakumbuka pale wanapogundua kuwa mji wao utakufa bila watoto. Lalamiko hilo ni la haki kwa kiasi kikubwa. Lockley, ambaye Adams alimfuata katika mengi, anaeleza kwamba majike ndio wachimbaji. Riwaya inalijua hilo, na madume wake wanapochimba huliona jambo la kujidhalilisha. Yaani jamii iliyopewa tabia za sungura halisi katika kila kitu imepewa utawala wa kijeshi wa wanaume wa Kiingereza.

Tungependa kuongeza jambo moja ambalo wahakiki hao, wakisoma Kiingereza, hawangeweza kuliona. Katika Kiingereza mwandishi wa hadithi ya wanyama analazimika tangu sentensi ya kwanza kuchagua: mnyama ni kitu, au ni mwanamume, au ni mwanamke. Adams alichagua, na kuanzia ukurasa wa kwanza msomaji wake anajua kwamba kundi zima ni la kiume. Kiswahili hakina uchaguzi huo. Sungura anakimbia, anaona, anasema. Upatanisho ni ule ule wa mtu, awe dume au jike, na hakuna anayedhani kwamba mnyama amepandishwa hadhi kwa kupewa kiambishi a-. Hebu msomaji afikirie tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hii. Hazel alisema, Fiver akalia, Blackberry akafikiri, Pipkin akatetemeka. Majina mengi ni ya mimea na maua. Hadi wahusika wanapofika kilimani na Hazel anapotanabahi kwamba hakuna jike hata mmoja kati yao, msomaji wa Kiswahili huenda asiwe na habari. Upungufu ambao kwa Kiingereza ni dosari ya mwandishi, kwa Kiswahili ungekuwa ugunduzi wa wahusika, na msomaji angeshtuka pamoja nao. Mfasiri angelazimika kuamua kama ataufichua mapema, kwa kuongeza neno dume hapa na pale, au ataiachia sarufi ifanye kazi yake. Sisi tungemshauri aiachie. (Angekumbana pia na tatizo la pili, kwamba neno sungura kwa wengi wetu ni la yule wa porini na yule wa kizimbani kwa pamoja, ilhali kwa Adams ni wanyama wawili tofauti.)

Lakini je, majike hawana sauti? Katika Efrafa yupo Hyzenthlay. Yeye na wenzake waliwahi kuliomba baraza ruhusa ya kuhama kwa sababu mji umejaa mno hata mimba haziwezi kukua, wakakataliwa. Bigwig anamsikia akighani maombolezo. Silverweed alighani mbele ya hadhira utungo wa kuikubali mauti. Hyzenthlay anaghani utungo wa kutoikubali. Tena ndiye anayewaandaa majike kutoroka, na bila yeye ujanja wote wa Bigwig ungekuwa bure. Wahakiki wa 1974 wamempita haraka.

Wamempita haraka zaidi Vilthuril. Huyu ni jike mwingine aliyetolewa Efrafa, mwenzi wa Fiver, na katika sura ya mwisho, sura ya 50, amekaa nje jioni na watoto akiwatambia. Ngano yenyewe ni ya El-ahrairah, jinsi alivyowaongoza watu wake kuvuka mto na kupita nyika ya kutisha usiku, wakafika kwenye mji uliorogwa ambao sungura wake walivaa kola za kumetameta, waliimba kama ndege, na wengine waliweza kuruka. Hazel anapita na wenzake. Anasikiliza. Ananong'ona kwamba anahisi anakijua kisa hiki, ila hakumbuki alikisikia wapi.

Tukio hili lina kurasa chache mno, na huenda msomaji mtoto akacheka tu. Kwetu ni jawabu la riwaya kwa yale tuliyoyalaumu. Tangu mwanzo mtambaji ni Dandelion, dume, akiwatambia wapiganaji kwa amri ya kiongozi. Ngano ilikuwa chombo cha uongozi. Sasa imetoka mikononi mwa uongozi. Mtambaji ni mama, hadhira ni watoto, wakati ni wa jioni, hakuna aliyeamuru. Vilthuril hakuwako kwenye safari ile. Aliyosimulia ameyapata kwa masimulizi, na ameyafanyia alichotaka: vitanzi vya waya vimekuwa kola za kumetameta, utungo wa Silverweed umekuwa sauti ya ndege. Jina la Hazel limefutwa. Matendo yake yote, uvumilivu, uamuzi, mguu uliojeruhiwa, yamepewa yule mjanja wa kale, na Hazel hana hata uwezo wa kuyadai, kwa kuwa hayatambui.

Katika ngano ya Sungura Mweusi, El-ahrairah alirudi nyumbani akakuta vijana hawamjui. Yeye alipotezwa na usahaulifu wao. Hazel anapotezwa na kumbukumbu yao, na hili ni jambo la ndani zaidi. Mfalme amemezwa na ngano. Taji alilovikwa mjanja linavuliwa, si na mpinzani, bali na jike anayewalaza watoto wake, ambaye bila shaka kesho ataongeza jingine. Hata Woundwort hakuachwa. Hakuna aliyeuona mzoga wake baada ya mbwa, na tamati ya kitabu inatueleza kwamba mama sungura huwatisha watoto watundu kwa kuwaambia Jenerali atawachukua. Amekuwa zimwi, akiwa na kazi ile ile ya mazimwi wetu wote.

Adams alirudi kwa wahusika hawa mwaka 1996 katika Tales from Watership Down, ambamo ngano za El-ahrairah zinachukua nafasi kubwa na majike wanapewa madaraka zaidi, hata Hyzenthlay akawa mkuu pamoja na Hazel. Inaelekea aliwasikia waliomlaumu. Sisi tunaona kwamba marekebisho hayo ya vyeo yana uzito mdogo kuliko ile jioni ya sura ya 50. Cheo kingemweka Vilthuril mahali pa Hazel. Alichopewa ni mahali pa Dandelion, na pale ndipo, katika riwaya hii, inapoamuliwa nani atakumbukwa na kwa jina gani.